Mwaka wa Kusimama katika Nchi ya Ukumbuko

Jumanne, tarehe kumi na nne Juni. Asubuhi ilikuwa ya baridi, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa, hata jirani yangu akifagia uwanja niliusikia ufagio wake tu, mwenyewe sikumwona. Nilisali kama ilivyo kawaida yangu. Nilimwomba Mungu mambo mawili: afya ya wajukuu wangu, na ufahamu wa hesabu niliyopewa katika masomo ya jioni. Nilikuwa bado nimepiga magoti, daftari langu nimelikumbatia, nilipojikuta katika nchi ya Ukumbuko. Njia sitaieleza. Aliyenipeleka ni yule yule niliyekuwa nikizungumza naye, na mimi si mtu wa kumwuliza barabara.

Hesabu yenyewe ilikuwa hii. Mama lishe amepika ugali, wali na ndizi. Mboga alizonazo ni maharage na dagaa. Mteja anachagua chakula kimoja na mboga moja. Je, zinaweza kupatikana sahani za aina ngapi? Mimi niliandika tano, kwa sababu tatu na mbili ni tano, na hilo nalijua tangu kabla sijajua kusoma. Mwalimu wetu, kijana mwenye subira, aliweka alama ya kuuliza pembeni, akaniambia, "Mama, nenda nayo nyumbani uitazame tena." Nilikuwa nimeitazama sana, nayo ilikuwa haijabadilika.

Basi msomaji aelewe furaha yangu nilipofika penye lango la shule ya Ukumbuko na kukuta maneno yamechongwa kwenye ubao mkubwa juu yake: TATU NA MBILI NI TANO. Nilisema kwa sauti, "Asante, Bwana. Umenileta kwa watu wanaonielewa."

Watu wa nchi ile ni wapole. Salamu yao ni kunyoosha mikono yote miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto, viganja wazi, ili mwenzako aone huna ulichomficha. Asiyejibu salamu hiyo huhesabiwa ametukana, hata awe mkubwa kiasi gani, hata kama yuko katikati ya shughuli. Niliipenda. Mwanzoni nilidhani kila niliyekutana naye anataka kunizuia nisipite.

Akina baba wa Ukumbuko wana kazi tatu tu: kurina asali, kufinyanga vyungu na kufua chuma. Akina mama hutoka pande mbili: Mlimani na Mtoni. Mtoto anapozaliwa hawaulizi kwanza jina lake. Wanauliza kazi ya baba na upande wa mama, na kwa mambo hayo mawili anajulikana ni mtoto wa aina gani. Kazi ni tatu, pande ni mbili, na kwa hiyo, wanasema, aina za watoto ni tano. Wahenga wao walijumlisha hivyo, wakajenga shule yenye mabenchi matano marefu, kila aina na benchi lake.

Nilikaribishwa darasani na mwalimu wao, mwanamke mwembamba aitwaye Sekela, mwenye chaki hadi kwenye nyusi. Mabenchi yote matano yalikuwa yamejaa watoto. Lakini ukutani, karibu na mlango, alikuwepo msichana wa miaka kama kumi amesimama, ameliegemeza daftari lake ukutani, anaandika. Maandishi yake yalikuwa yamelala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Ukuta mahali pale ulikuwa umechakaa, una alama nyingi za penseli, za zamani na za juzi.

Nilimsogelea. "Umeadhibiwa, mwanangu?"

"Hapana, bibi. Sikukumbukwa."

"Na nani?"

"Na Mkumbukaji." Akaniangalia kwa mshangao, kama niliyeuliza jua ni nini. "Huu ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kusimama. Leo ni Siku ya Kukumbukwa. Akinisahau tena, ndiyo basi."

"Ndiyo basi vipi?"

"Ukisahauliwa mara tatu mfululizo, inahesabiwa hukuwapo. Unarudi nyumbani. Hata jina nalifuta mwenyewe." Akageukia daftari lake. "Nimeshaambiwa nije na kitambaa."

Jina lake lilikuwa Atuganile. Baba yake alikuwa mhunzi na mama yake alitoka Mlimani. Wahunzi wengi huoa Mtoni, kwa sababu mkaa wao unatoka huko, kwa hiyo katika shule nzima wa aina yake alikuwa yeye peke yake.

Mwalimu Sekela alinitoa nje, akanieleza sheria za nchi. Nitaziandika kama alivyoziweka, maana aliyaeleza mambo hayo bila hasira, kama mtu anayeeleza tabia za ng'ombe wake.

Kila mwaka, mbele ya Baraza na wazazi, mzee aitwaye Mkumbukaji hufumba macho na kutaja aina za watoto kadiri zinavyomjia. Akishataja tano, kinywa hufungwa, na kila aina iliyotajwa hupewa benchi. Ikitokea mtoto ambaye aina yake haikutajwa, husimama mwaka mzima. Hakuna anayemlaumu mtu. Wanasema ni mwaka wake wa kusimama, na kila ukoo umewahi kuupata. Sekela mwenyewe aliupata akiwa mdogo, mtoto wa mrina asali na mama wa Mtoni. "Alama zangu zipo pale ukutani," alisema, "chini kidogo ya za Atuganile. Nilikuwa mfupi."

"Lakini mwalimu," nilimwambia, "kama aina ni tano na mabenchi ni matano, huyu anayebaki kila mwaka anatoka wapi?"

Aliangalia huku na huku. "Mama mgeni, swali hilo liseme polepole."

Kumbe huko nyuma kulikuwa na Mkumbukaji aliyetaja sita. Watu wakasema amerudia mmoja. Yeye akasema hakurudia. Wakaulizana amerudia nani, na kwa kuwa alikuwa amezitaja ovyo, mara Mtoni, mara Mlimani, mara mhunzi, mara mrina, hapakuwa na mtu aliyeweza kukumbuka kama alirudia au hakurudia. Ndugu waligombana, ndoa zikavunjika. Ili amani irudi, Baraza lilitunga sheria mbili. Ya kwanza: tano ni tano. Ya pili: ni marufuku kuzitaja au kuziandika aina za watoto kwa mpango, kwa kuanza na mmoja, kumaliza naye, kisha kwenda kwa mwingine. Baraza liliona kwamba mtu anayefuata mpango hakumbuki kwa moyo, na kwamba mtoto aliyefikiwa kwa mpango hajapendwa.

"Na wewe unafundisha hesabu?"

"Nafundisha," alisema Sekela. "Ila siruhusiwi kuandika orodha iliyonyooka, wala kuchora mstari unaogawanyika kuwa miwili. Mwaka juzi nilichora mti wa kawaida tu, wa somo la mimea, nikaitwa na Baraza nieleze yale matawi."

Nililitoa daftari langu nikamwonyesha hesabu ya mama lishe. Nilitaka anisifu. Aliisoma, akaitazama ile tano yangu kwa muda mrefu, kisha akanirudishia.

"Umepataje, mama?"

"Tatu na mbili."

"Ndiyo," alisema kwa sauti ndogo. "Ndivyo tunavyopata na sisi."

Sikupenda alivyolisema hilo.

Kabla ya shughuli kuanza, kulikuwa na kelele za ajabu kutoka nje ya uzio. Nilidhani kuna ugonjwa. Sekela alicheka kwa mara ya kwanza, akaniambia ni Kukohoa. Wazazi hawaruhusiwi kumwambia Mkumbukaji neno, wala kumpa zawadi. Lakini kukohoa hakukukatazwa. Kwa hiyo wiki nzima kabla ya siku ile, kila aina hupita mbele ya nyumba yake ikikohoa kwa namna yake, ili asiisahau. Wafinyanzi waliooa Mlimani wanakohoa mara mbili kwa kifua kizito. Warina wa Mtoni wanakohoa kwa kuburuta. Koo zenye watu wengi zina vikundi vyenye viongozi, na nilimwona mmoja akiwafundisha vijana wake: "Toeni kutoka tumboni! Hicho ni kikohozi au mnasafisha koo? Mnataka watoto wasimame?"

Peke yake, chini ya ukuta, alikaa mama mmoja amejifunga khanga kichwani. Alikohoa, ikatoka sauti kama karatasi inayokunjwa. Alikuwa Mama Atuganile. Sauti ilikuwa imemkauka kwa wiki nzima ya kukohoa bila wa kumpokea.

"Pole, dada," nilimwambia.

"Asante, dada yangu. Nina kifua cha kitoto." Alijaribu kutabasamu. "Wenzangu wamebarikiwa vifua."

Nilikutana na Mkumbukaji mwenyewe nyuma ya darasa, ananawa uso. Nilitarajia mtu wa kiburi. Nilimkuta Mzee Ambakisye, mzee mwenye mikono inayotetemeka, hajala tangu jana yake, maana hufunga kabla ya siku ile. Tulisalimiana kwa mikono, na nilipomwambia kwamba mimi ni mtu wa sala, alinishika bega kama mtu aliyepata ndugu ugenini.

"Basi niombee, mama. Kila mwaka naomba nisimsahau mtu, na kila mwaka namsahau mtu. Wakishatimia watano, ulimi unakufa."

"Kwa nini usiendelee, mzee?"

"Niendelee wapi?" aliuliza, na macho yake yalikuwa ya kweli kabisa. "Baada ya tano hakuna kitu."

Nilimwombea palepale. Sikujua niombe nini hasa, kwa hiyo niliomba aonyeshwe.

Baraza liliketi uwanjani kwenye viti, na katikati aliketi Mlinzi wa Sheria, Bwana Lwitiko, mtu nadhifu mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri na uso uliochoka. Watoto waliketi mbele, Atuganile alisimama. Mzee Ambakisye alipanda kwenye jiwe, akafumba macho.

"Mfinyanzi na Mtoni," alisema.

Upande mmoja wa wazazi ukashusha pumzi.

"Mrina na Mlimani. Mhunzi na Mtoni."

Walioitwa walikumbatiana. Midomo ya mzee ikawa inacheza.

"Mrina na Mtoni."

Zilikuwa zimebaki aina mbili, na benchi moja. Hilo kila mtu alilijua, na hakuna aliyeruhusiwa kulisema. Mzee alikunja uso. Nilisikia kile kikohozi cha karatasi, mara moja, kutoka nyuma. Nadhani naye alikisikia, kwa maana alikigeuzia kichwa. Ndipo wafinyanzi wa Mlimani walipokohoa wote kwa pamoja, mara mbili, hata njiwa wakaruka kutoka kwenye paa.

"Mfinyanzi na Mlimani," alisema Mzee Ambakisye, na kinywa kikafungwa.

Vifijo vilikuwa vikubwa. Atuganile hakulia. Alienda kwenye ukuta wake, akachukua kitambaa, akaanza kukilowesha kwenye ndoo. Baba yake, mhunzi mwenye kifua kama mlango, alitazama chini.

Mwalimu Sekela alisimama. "Waheshimiwa, naomba ruhusa ya kumwamkia Mkumbukaji."

Bwana Lwitiko alikunja uso, lakini salamu haikatazwi. "Amkia."

"Si mimi. Naomba baba mmoja wa kila kazi amwamkie, kwa kumshukuru."

Alijitokeza mrina asali mmoja, kisha mfinyanzi ambaye mikono yake ilikuwa bado na udongo, kisha Baba Atuganile. Walisimama mstari mmoja mbele ya mzee, wakanyoosha mikono kulia na kushoto, kwa heshima.

"Msishushe," alisema Sekela. Akawageukia watoto. "Wanangu, na ninyi mwamkieni. Kila mtu aende kwa mwenye kazi ya baba yake. Mwenye mama wa Mtoni ashike mkono wa kulia. Mwenye mama wa Mlimani, wa kushoto. Aliye nyuma amshike mwenzake."

Watoto walikimbia kwa kelele, maana walikuwa wamechoka kuketi. Kutoka kila mkono ulining'inia mnyororo wa watoto ukipinda uwanjani, na mtu aliyeangalia kutoka kwenye jiwe, kama Mzee Ambakisye, aliweza kuona vizuri jinsi kila baba alivyogawanyika kuwa pande mbili. Mkono mmoja tu ulibaki mtupu, wa kushoto wa mhunzi.

Atuganile alisimama kando ya ndoo, kitambaa kinachuruzika.

"Njoo basi, mwanangu," alisema baba yake bila kugeuka. "Mkono huu unachoka."

Alikwenda. Alifuta maji kwenye gauni, akakishika kile kiganja.

"Huo ni mpango!" alisema Bwana Lwitiko akisimama. "Mwalimu, huo ni mpango wazi!"

"Ni salamu, mheshimiwa."

"Salamu gani yenye mikia?"

Watu walicheka, lakini Mzee Ambakisye hakucheka. Alikuwa ameshuka kwenye jiwe. Alipita kwa mrina, akagusa mkono wa kulia, akagusa wa kushoto. Akapita kwa mfinyanzi, kulia, kushoto, akaacha vidole vyake vina udongo. Akafika kwa mhunzi, kulia, kushoto, na pale mkono wake ulikutana na mkono mdogo uliolowa. Alibaki hapo. Kisha alirudi kuanzia mwisho mpaka mwanzo, taratibu, na nilimsikia akinong'ona, "Hakuna aliyerudiwa. Hakuna aliyerudiwa."

"Ni ujanja wa kuanza na akina baba," alisema Mlinzi wa Sheria. "Anza na akina mama. Pande ni mbili, mama wawili, mikono minne. Mbona sasa ni wanne? Mnaona? Mpango unasema chochote unachotaka."

Lilikuwa swali zuri. Aliyejibu ni mama mmoja mnene wa Mtoni, ambaye alijitokeza akicheka na kumvuta Mama Atuganile kwa khanga.

"Mheshimiwa, kwani wanaume wa kuwaoa Mtoni ni wawili? Mie dada zangu wameolewa na mrina, na mfinyanzi, na mhunzi. Ngoja." Akanyoosha mkono wa kulia. "Huyu wa mrina." Akanyoosha wa kushoto. "Huyu wa mfinyanzi." Kisha akatoa mguu mbele. "Wa mhunzi ashike hapa. Na asinitekenye!"

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Mama Atuganile, ambaye hakuwa na sauti, alinyoosha mikono yake, akatoa mguu wake mwembamba wenye vumbi, na Atuganile alipiga magoti akaushika. Watatu kwa mama huyu, watatu kwa yule. Hata wajumbe wa Baraza walihesabu kwa vidole wakidhani hawaonekani.

Na hapo, namshukuru Mungu, nami nilifumbuliwa macho. Nilimwona ugali amesimama pale mbele yangu amenyoosha mikono, maharage huku, dagaa kule. Nilimwona wali hivyo hivyo. Nilimwona ndizi. Nikasema kabla sijajizuia, "Jamani, mimi ni mgeni na hesabu zangu ni za masomo ya jioni. Lakini niliandika sahani tano, na sasa nauliza ni chakula gani nilichokikata mkono."

Wengi hawakuelewa mambo ya sahani. Bwana Lwitiko alielewa. Alinitazama, na nilidhani atanifukuza. Badala yake aliketi polepole, kanzu yake ikajikunja.

"Mama mgeni," alisema, na sauti yake haikuwa tena ya Mlinzi, "mama yangu mzazi alisimama. Alisahauliwa mara tatu, akafuta jina lake mwenyewe. Mpaka anakufa alikuwa akisema ulikuwa mwaka wake, hakuna wa kulaumiwa. Mkisema leo ni sita, mnaniambia alisimama bure. Mnaniambia palikuwa na nafasi yake, na hakuna aliyenyoosha mkono."

Hakuna aliyekohoa. Mimi nikasali moyoni.

Mwalimu Sekela alimsogelea, akaketi chini karibu na kiti chake, kama binti anavyoketi kwa mjomba. "Na mimi nilisimama, baba. Mwaka mmoja tu, si kama mama. Miaka yote nimejiambia ulikuwa mwaka wangu. Ni afadhali nijue kwamba nilikuwa na mkono wangu." Akanyoosha kidole. "Na yule pale bado hajafuta jina."

Bwana Lwitiko alimtazama Atuganile, ambaye alikuwa bado amepiga magoti ameshika mguu wa mama yake, hajui kama aachie.

Baraza liliinamiana vichwa likajadiliana. Majadiliano yalikuwa marefu, na ningependa kusema yalikuwa ya busara. Mjumbe mmoja alitaka ubao wa langoni ushushwe. Mwingine alisema ubao ni wa mninga na umegharimu jasho la wahenga. Wa tatu alipendekeza mhunzi aombwe kwa hiari asitumie mkono wake wa kushoto. Baba Atuganile alimtazama tu, na pendekezo likaondolewa. Mwishowe Bwana Lwitiko alisimama na kusoma uamuzi, ambao nauandika neno kwa neno: "Tatu na mbili ni tano, kama ilivyo. Mabenchi ya Ukumbuko ni matano, na jingine."

Watu walipiga makofi, kwa sababu kila mmoja alipata alichokitaka. Mwanzoni nilitaka kucheka. Lakini nilikumbuka nilivyolikumbatia daftari langu asubuhi ile, nikapiga makofi nami.

Likabaki jambo moja. Benchi jingine halikuwepo. Seremala alisema mbao zikauke kwanza, na zikikauka mvua zitakuwa zimeanza, na mvua zikianza yeye hulima. Bwana Lwitiko, aliyekuwa amechoka sana, akasema basi mtoto asimame kwa sasa, ila katika taarifa iandikwe ameketi.

Atuganile alikuwa tayari ameanza kurudi ukutani. Alikuwa na uso wa furaha, nisiseme uongo. Alikuwa ameona jina lake halifutwi, na kwake hilo lilitosha.

Halikumtosha Mzee Ambakisye. Alikwenda kwenye viti vya Baraza, akanyanyua kiti chake, kiti kizito cha Mkumbukaji chenye mgongo wa kuchongwa. Mhunzi alitaka kumsaidia, akakataa. Alikiburuta kwa mikono yake inayotetemeka mpaka ndani ya darasa, na sisi sote tukamfuata, tukajaa milangoni na madirishani. Alikiweka kando ya mabenchi matano. Akampangusia vumbi kwa kanzu yake.

"Keti, mjukuu wangu."

Aliketi. Miguu haikufika chini. Aliliweka daftari kwenye mapaja, akaandika neno moja kulijaribu, na kwa mara ya kwanza herufi zilisimama wima. Watoto wa mabenchi walianza kulalamika kwamba kiti chake kina mgongo na mabenchi yao hayana.

Mzee alikwenda mpaka penye ule ukuta uliochakaa. Alisoma kwa kidole alama za penseli, za Atuganile, za Sekela chini yake, na nyingine zilizofifia sana, ambazo Bwana Lwitiko, aliyekuwa ameingia nyuma yetu, alizisogelea kuzitazama. Kisha mzee aligeuka, akauegemea ukuta kwa mgongo. Katika nchi ile ahadi haihesabiki mpaka mwenye kuitoa anyooshe mikono yote miwili na mashahidi nao wanyooshe yao. Alinyoosha. Tulinyoosha wote, Mlinzi wa Sheria, mama mnene wa Mtoni, wafinyanzi wa vifua vizito, Mama Atuganile, nami mgeni, mpaka chumba kikawa hakina nafasi ya kugeuka.

"Mimi Ambakisye, Mkumbukaji wa Ukumbuko," alisema kwa sauti iliyofika nje, "nasema mbele yenu na mbele ya Mungu. Mpaka benchi la mtoto huyu lifike, anayesimama hapa ni mimi. Na kuanzia leo sitafumba macho tena ninapokumbuka. Nitaanza na mmoja nimmalize, niende kwa wa pili nimmalize, niende kwa wa tatu. Sitafunga kinywa changu, hata mkinikohoa mpaka mapaa yang'oke, maadamu kuna mkono hata mmoja ambao haujashikwa."